Mtoto akimkataa mgeni: yasemwayo na ukweli wake

"Huyo ana roho mbaya, watoto wanaona." Dhana hii ndiyo inayogombanisha ndugu kuliko zote. Shangazi katoka mkoani, ananyoosha mikono, mtoto wa miezi minane anaangua kilio, na sebule nzima inamgeukia shangazi. Maskini, hana kosa. Mtoto hasomi roho ya mtu. Kati ya miezi 6 na 9 hivi, watoto wengi huanza kuziogopa sura wasizozijua. Ndevu, miwani na sauti nzito huzidisha. Alipokuwa na miezi minne alimchekea kila mtu kwa kuwa hofu hiyo ilikuwa haijaanza. Si jicho baya wala shetani, na kwa wengi hofu hiyo hupungua yenyewe wakikaribia miaka miwili.

"Amedekezwa, kutwa yuko mgongoni." Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa Uganda, akiwatazama akina mama na watoto wao katika vijiji vya karibu na Kampala. Watoto waliokuwa na uhakika na mama zao walitambaa wakachokonoa vitu, wakarudi kwa mama, wakaondoka tena, na hawakuwa walizi. Walioshinda wakilia ni wale ambao uhakika huo ulipungua. Kwa hiyo mbebe tu.

"Mtie mikononi mwa mgeni, atanyamaza mwenyewe." Atanyamaza, ndiyo, akichoka. Alichojifunza ni kwamba mgeni akija, yeye hunyang'anywa kwa mama. Njia inayofaa ni ya polepole, na kazi kubwa ni ya mgeni. Mgeni akae chini mkekani, asimkodolee macho, aongee na mama kana kwamba mtoto hayupo. Mtoto akiwa amepakatwa atamchungulia mgeni, kisha atamtazama mama usoni. Mtazamo huo ni swali: huyu vipi? Mama akicheka na kuongea kwa utulivu, jibu limepatikana. Hapo mgeni anaweza kusogeza kijiko au mfuniko wa sufuria sakafuni, bila kumwita. Mara nyingi mtoto mwenyewe ndiye atakayenyoosha mkono. Akirudi kujificha kifuani, mwache. Na tafadhali, wenye nyumba, msimcheke wala kumwita mwoga.

"Ukitaka kutoka, nyatia, usimuage." Utaokoa kilio cha leo, lakini kesho hatabanduka kwako hata ukienda msalani. Muage kwa kifupi, mwachie mtu aliyekwisha kumzoea, uende.

"Asiyewalilia wageni ana kasoro." Hapana. Wapo wapole kwa maumbile, na wapo waliolelewa nyumba ya watu wengi, wamezoea kupokezanwa. Cha kuulizia kliniki ni kingine: amekaribia mwaka, hamtazami mtu machoni, haitikii akiitwa jina, au kwake mama na mpita njia ni sawa.

Tena kliniki yenyewe ina mtihani wake. Nchini Kenya na Tanzania chanjo ya kwanza ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, yaani hofu ikiwa imepamba moto. Foleni, mizani, mtu asiyemjua anamshika, kisha sindano. Muombe muuguzi umpakate mwenyewe wakati wa kuchomwa, uso wake ukielekea kwako, na ukiweza umnyonyeshe hapohapo.