Sabstitusheni kwenye simaltenia, maana yake hasa ni nini

Jana usiku nilikaa na mtoto wa jirani hapa Kisauni, daftari limejaa eksi na wai na yeye anakariri stepu tu bila kujua anafanya nini, nikamwambia hebu weka hizo eksi kando tuongee mahamri.

Juzi umetumwa, umenunua mahamri manne na sahani moja ya mbaazi, ikaja 90. Leo mahamri sita na sahani mbili, 160. Hamri moja ni pesa ngapi? Hapo una vitu viwili huvijui na milinganyo miwili, 4h + m = 90 na 6h + 2m = 160 (h ni bei ya hamri moja, m ni bei ya sahani ya mbaazi), na bei ni zile zile kote kuwili, bila hivyo haziitwi simaltenia.

Sasa angalia ule wa kwanza, m haina namba mbele, basi itoe ikae peke yake: m = 90 − 4h. Yaani sahani ya mbaazi ni ile 90 ukitoa pesa ya mahamri manne. Bei yenyewe bado hujaijua lakini mbaazi ushaipatia jina lingine, na popote utakapoona m waweza kuifuta ukaandika hilo jina. Sabstitusheni ndio hiyo, hakuna siri nyingine.

Unaenda kwa ule wa PILI (wa pili jamani, ukirudisha kwa ule ule wa kwanza utapata 90 = 90, ni kweli lakini haikwambii kitu) unaandika 6h + 2(90 − 4h) = 160. Mabano usiyaache, maana ni sahani mbili na ile mbili inazidisha kila kilicho ndani. Mtoto aliandika 180 − 4h, akapata hamri ni −10, nikamuuliza kwani mama wa mahamri anakupa hamri na shilingi kumi juu? Akarudi mwenyewe mpaka kwa mabano akaona. Ni 180 − 8h, kwa hivyo 180 − 2h = 160, h ni 10, halafu m ni 90 − 40, hamsini.

Ukikutana na kama 3x + 5y na 7x − 2y, kila herufi ina namba yake, hapo sabstitusheni itakuletea sehemu (fraksheni) nyingi za kukuchosha, mimi naona bora uondoe herufi moja kwa kujumlisha au kutoa.

Na ukihakikisha jibu tumia mlinganyo wa pili, 60 + 100 = 160, sababu ule wa kwanza utakubali hata kama h umeikosea, m si uliitoa huko huko.