Je, wajua? Klachi ya baiskeli ya injini inaweza kuteleza kwa sababu umeikaza

Baiskeli ya injini haina kiki. Unaminya mkono wa klachi (kile kinachounganisha injini na gurudumu, au kuvitenganisha), unakanyaga pedeli mpaka upate mwendo, kisha unaachia: gurudumu linaizungusha injini, nayo inawaka. Siku moja niliachia mkono, injini yangu ikakohoa mara moja, na baiskeli ikaendelea kuserereka kana kwamba injini haipo. Nikajiambia klachi imelegea. Nikakaza waya. Ikawa mbaya zaidi. Nikakaza tena, maana nilidhani sijakaza vya kutosha. Mara ya tatu hata kukohoa iliacha.

Wa kulaumiwa, ukiniondoa mimi, ni breki. Mkono wa breki na mkono wa klachi hukaa kwenye usukani mmoja, kila mmoja na waya wake, na breki ikilegea dawa ni kukaza waya. Basi mtu anaziona ndugu. Lakini waya wa breki hubana, na waya wa klachi hubandua. Kinachobana kwenye klachi ni springi, tena hubana saa zote bila kuombwa na mtu.

Chukua kibanio cha nguo. Kikiwa kwenye kamba kinashika shati chenyewe, hakihitaji vidole vyako. Vidole vinahitajika pale unapotaka kiachie. Sasa mfikirie mtu anayeona shati linateleza kwenye kamba, akaamua kukisaidia kibanio kwa kukiminya mkiani. Kila anavyominya ndivyo mdomo unavyofunguka. Mtu huyo ni mimi na spana yangu. Ukikaza waya wa klachi kupita kiasi, ni kama kuacha vidole viwili juu ya kibanio mchana kutwa: hujakifungua kabisa, lakini hakishiki tena kwa nguvu zake zote.

Ndani ya injini hizi (zile ndogo zinazouzwa kama seti ya kufunga kwenye baiskeli, zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, na ambazo zikiandikwa cc 80 mara nyingi ni kama cc 66) “shati” ni gia kubwa yenye pedi ndogo za msuguano. Springi inaibana gia hiyo kati ya sahani mbili. Ukivuta mkono, fimbo nyembamba inapita katikati ya shafti na kuisukuma sahani ya nje, na gia inabaki ikizunguka peke yake.

Na hapa ndipo penye kioja. Pedi zikilika zinakuwa nyembamba, sahani ya nje inaingia ndani kidogo, inairudisha ile fimbo, na fimbo inaula ulegevu uliokuwa kwenye waya. Yaani klachi inaweza “kukazwa” na uchakavu wake yenyewe bila mtu kugusa kitu. Ndiyo maana inayoteleza baada ya miezi ya kazi hulegezwa waya kwanza, kabla ya kufungua chochote. Acha mkono wa usukani ucheze bure kama milimita 2 kabla ya kuanza kuvuta. Usiichukue kama sheria, waya mpya hunyooka na kipimo hubadilika. Mchezo ukizidi, tatizo linageuka: unaminya mkono mpaka mwisho, na injini bado inavuta gurudumu.

Kuna kitu kimoja kinachokazwa kweli: nati yenye umbo la ua, chini ya kifuniko cha upande wa klachi, inayoongeza nguvu ya springi. Toa skrubu ndogo inayoizuia, zungusha pengo moja tu, rudisha skrubu, kisha upime waya upya, kwa sababu nati hiyo nayo inaubadilisha ulegevu. Mkono ukianza kuumiza vidole, umepitiliza.

Ukiwa umefungua kifuniko, zitazame pedi. Klachi za bodaboda nyingi huogelea kwenye oili, na waliotoka huko hushawishika kuipaka na hii grisi ya kutosha. Klachi hii ni kavu. Meno ya gia yanataka grisi kidogo sana. Ikizidi inarushwa mpaka kwenye pedi, na hapo hakuna waya wala nati itakayokusaidia. Pedi zifutwe kwa dawa ya kusafishia breki, kisha zikwaruzwe kidogo kwa msasa.

Zangu zilikuwa kavu, zina harufu ya kuungua tu. Nikairudisha nati ya waya kinyumenyume mpaka mkono ukaanza kuchezacheza ovyo, jambo ambalo kwa macho yangu lilionekana kosa kabisa, nikapanda, nikakanyaga pedeli, nikaachia. Gurudumu likazuiwa ghafla hivi kwamba nusura nipite juu ya usukani, halafu injini ikawaka.