Kwa nini makadinali hufungiwa ndani wanapomchagua Papa?

Juzi tulibanana kwenye kibanda umiza kimoja pale Ndanda, njia ya kwenda Masasi. Mpira ulipoisha, mwenye kibanda akaweka Conclave, filamu ya mwaka 2024 iliyoongozwa na Edward Berger. Papa amefariki, makadinali wanakutana kumpata mrithi, na kila mmoja ana lake moyoni: huyu anaficha ya zamani, yule anatafuta kura chini kwa chini. Milango ilipofungwa, mzee mmoja nyuma yangu akaangua kicheko: "Kumbe na wao wanaingizwa jandoni!" Halafu akauliza: watu wazima wenye mvi, wanafungiwa nini kama mwali?

Nusu ya jibu imo kwenye jina la filamu. Asili yake ni maneno ya Kilatini cum clave, yaani "kwa ufunguo". Na ufunguo wenyewe ulitokana na watu kuchoka kusubiri. Papa Clement IV alifariki mwaka 1268 huko Viterbo, Italia, na makadinali wakavutana karibu miaka 3. Wenyeji wakawafungia ndani, wakawapunguzia chakula, mwisho wakaezua hata paa la jumba. Gregory X akapatikana mwaka 1271. Naye, kwa kuwa aliyajua yaliyotokea, mwaka 1274 akayageuza kuwa sheria: siku 3 zikipita bila Papa, sahani moja tu kwa mlo, zikipita 5 nyingine, mkate, maji na divai. Kwa aliyezoea meza ya kikadinali, hiyo si adhabu ndogo.

Siku hizi hakuna anayenyimwa chakula. Kinachozuiwa ni maneno, yasiingie wala yasitoke. Zamani wafalme walitia mkono waziwazi: mwaka 1903 kadinali mmoja alisimama kusoma pingamizi la mfalme wa Austria dhidi ya Kadinali Rampolla, aliyekuwa akipata kura nyingi. Akachaguliwa mwingine, Pius X, ambaye mwaka uliofuata alipiga marufuku mchezo huo. Ndiyo maana leo simu haziingii, na kila mpiga kura hula kiapo. Kushauriana kunaruhusiwa. Kuahidiana vyeo na kufunga mikataba ya kura, hapana.

Mimi kilichonivutia zaidi ni karatasi ya kura. Juu imeandikwa kwa Kilatini "Namchagua kuwa Papa", na chini yake kadinali anaandika jina kwa mwandiko wa kujificha, usitambulike kuwa ni wake. Anaikunja mara mbili, anaenda nayo altareni akiwa ameinyanyua juu wote waione, anaiweka kwenye sahani, kisha anaiinamisha sahani karatasi idondokee chomboni. Wahesabuji ni watatu. Wa tatu akishasoma jina kwa sauti, anachoma sindano kwenye neno "namchagua" na kuitunga kura hiyo kwenye uzi pamoja na nyingine. Asipopatikana mwenye theluthi mbili, wanarudia, hadi mara 4 kwa siku.

Uzi huo mwisho wake ni kwenye jiko la kuchomea kura. Karatasi zinateketezwa, na moshi unatiwa rangi kwa dawa: mweusi, wa kusema Papa bado, una salfa ndani yake, mweupe, wa kusema amepatikana, una sukari ya maziwa na utomvu wa msonobari. Mwaka 1958 rangi iliwachanganya watu uwanjani, wakashangilia bure. Tangu 2005 moshi mweupe unasindikizwa na kengele.

Nilipomaliza kumweleza, mzee akakumbuka kwamba Mei 2025, alipochaguliwa Leo XIV siku ya pili tu, mmoja wa wapiga kura 133 alikuwa Mtanzania, Kadinali Protase Rugambwa wa Tabora.

"Si aulizwe basi ilikuwaje?"

Nikamwambia amekula kiapo, hawezi kusema mpaka Papa mwenyewe amruhusu.

"Nilisema mimi," akajibu, akivaa kandambili zake. "Jandoni."