"Run" si kukimbia tu

Wanaoanza kazi ya tafsiri huniuliza: kama "run" ni kukimbia, mbona sentensi nyingi zinakataa? Zinakataa kwa sababu kukimbia ni sehemu ndogo tu ya kazi za neno hili. Mwaka 2011 iliripotiwa kwamba wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford walikuwa wamefikisha maana 645 za kitenzi hiki. Hapo kikakipiku "set", ambacho katika toleo la 1989 ndicho kilikuwa na maelezo marefu kuliko vyote.

Idadi hiyo isitutishe, maana nasi tuna "piga". Tunapiga simu, pasi, picha, mswaki na magoti, na hakuna anayeumia. Mgeni akikariri kwamba kupiga ni kuchapa tu, atasumbuka kama tunavyosumbuka na "run".

Wengi hudhani neno lilianzia kwenye miguu, kisha maji yakaliazima. Lakini katika Kiingereza cha kale lilisemwa kwa mtu na kwa maji vilevile. Kijerumani, ambacho ni ndugu yake, hadi leo kina "rennen" kwa anayekimbia na "rinnen" kwa kinachotiririka. Ndiyo maana mimi hulishika neno hili kwa upande wa mkondo: kitu kinachokwenda bila kukatika. Ukilitazama hivyo, pua yenye mafua, rangi inayochuja kwenye nguo, barabara inayoambaa na mto, mkataba wa miaka mitatu na tamthilia inayoonyeshwa mwezi mzima huonekana kuwa vya ukoo mmoja.

Likipata yambwa, yaani kitu kinachotendwa, maana inageuka: mtu anakifanya kitu kiende. Kiswahili kilipita njia hiyohiyo, kwani "enda" ilizaa "endesha", na kwa hiyo biashara, mashine na programu ya kompyuta zote zinaendeshwa. Ila usiiamini "endesha" kila mahali. Maabara hufanya kipimo, gazeti huchapisha habari, na mgonjwa ana homa tu, ingawa Kiingereza kinaweza kusema "run" kwa wote watatu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni agizo "leave the engine running". Nimeona watu hodari wakihangaika na "acha injini ikiendelea kufanya kazi". Fundi angesema: usizime injini. Vivyo hivyo "let the water run" mara nyingi ni "usifunge bomba". Kiingereza kinaamuru jambo liendelee, sisi tunakataza lisikatishwe, na ujumbe unafika mzima. Hapo ndipo ninapoona mfasiri ameacha kutafsiri neno na ameanza kutafsiri tendo.

Vijineno vinavyolifuata neno hili navyo vina nguvu. "Run into" ni kukutana na mtu bila kutarajia, au kugonga kitu; muktadha ndio unaoamua. "Run over" ni kukanyaga kwa gari, lakini kwa hesabu au maandishi ni kupitia harakaharaka. Nadhani kilicho bora kuliko vyote ni "run out". Kiingereza kinaweza kusema sukari imefanya hivyo, au sisi tumefanya hivyo na sukari. Nasi tunazo njia mbili: sukari imeisha, tumeishiwa na sukari. Kauli ya kutendewa inabeba ile hali ya mtu kupatwa na jambo, na sijui njia nzuri zaidi ya kuieleza.

Kwenye uchaguzi, Mmarekani hukimbia, yaani "run for office", na Mwingereza kwa desturi husimama, "stand". Sisi tunagombea, neno lililotoka kwenye "gomba". Picha tatu tofauti kwa kazi moja. Anayeandika "anakimbia urais" hajakosea msamiati tu, ameleta picha ambayo lugha yetu haikuichagua.

Jambo la mwisho ni la umbo. Wakati uliopita ni "ran", lakini baada ya "have", na katika hali ya kutendwa, linarudi kuwa "run". Hivyo "a school run by parents" haina mtu anayekimbia wala wazazi wanaokimbiza. Ni shule inayoendeshwa na wazazi.