Ukali wa picha ghafi hupatikana kabla hujagusa kitufe cha kunoa

Wapiga video wa Mbeya wanaohamia kwenye kamera za sinema hunipigia na lalamiko moja: "Kaka, mbona simu yangu inatoa picha kali kuliko kamera ya mamilioni?" Wana haki ya kuuliza. Simu hunoa picha kabla hujaiona, ikafuta chenga (punjepunje zinazoharibu picha) na kukoleza kontrasti, kisha ikakupa chakula kilichokwisha kuiva. Kamera ya sinema ikirekodi faili ghafi (RAW) inakukabidhi vipimo vya mwanga tu, kazi nyingine ni yako.

Vipimo hivyo vina siri yake. Sensa ya kamera nyingi, yaani kipande cha ndani kinachopokea mwanga, haioni rangi zote tatu kila mahali. Juu yake kuna vichujio vidogo vilivyopangwa kwa mtindo aliobuni Bryce Bayer wa Kodak, ambao hataza yake ilitolewa mwaka 1976: katika kila vidoa vinne vya kupokea mwanga, viwili ni vya kijani, kimoja ni cha nyekundu na kimoja cha bluu. Rangi zinazokosekana kwenye kila kidoa hukisiwa na programu kwa kuangalia vidoa jirani, na kazi hiyo ndiyo tunayoiita kudibeya.

Sasa chukua kalamu. Picha ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, ina vidoa 8,294,400. Robo yake, yaani 2,073,600, ndivyo vilivyopima nyekundu, na bluu ni vivyo hivyo. Zidisha 1920 kwa 1080 utapata namba ileile. Maana yake, 4K yako kwa nyekundu na bluu imepima Full HD tu, na kinachobaki ni makisio, hata kama ni makisio ya akili.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, panda Hifadhi ya Kitulo msimu wa mvua, maua yakiwa yamechanua. Nyasi zitakuja na kila unyuzi wake, lakini ua jekundu likijaza fremu kingo zake huwa zimelegea kidogo, hata fokasi ikiwa sawa kabisa. Kitenge chekundu cha ukumbini, chini ya taa za bluu za DJ, kina tabia hiyohiyo.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu kunoa hata kidogo. Rekodi 4K au zaidi, uhariri kwenye taimulaini ya 1080, isipokuwa mteja amedai 4K kwa mdomo wake. Picha ikishushwa hivyo, kila pikseli inapata nyekundu yake iliyopimwa kweli, bluu yake na kijani mbili. Ukali huo umetoka kwenye sensa na hauna ile mistari myeupe pembezoni mwa nyuso inayoletwa na kunoa kupita kiasi. Mtu anayerekodi 4K ghafi, akanoa kwa nguvu na kutoa 4K, mara nyingi anazidiwa na aliyetulia kwenye 1080.

Kuna mtego wa pili, nao ni wa laptop zetu. Faili ghafi ni nzito, kwa hiyo watu wanaingia kwenye mipangilio ya Camera RAW ndani ya DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, na kushusha Decode Quality (ubora wa kufungua faili ghafi) hadi robo ili video icheze bila kukwama. Kufanya hivyo si kosa. Ila robo ya picha yenye upana wa 3840 ni 960, nayo inavutwa kujaza 1920, halafu unaikodolea macho na kusema kamera ni butu. Unapopima ukali, rudisha Full Res. Na wakati wa kutoa faili, weka tiki kwenye "Force debayer to highest quality", ili kilichoshushwa kwa ajili ya kuhariri kisiende kwa mteja.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye kunoa, na hapa mpangilio ni kila kitu. Chenga zinatangulia kuondolewa, kwa sababu ukinoa kwanza unazinoa nazo. Inafuata kontrasti. Ukungu wa asubuhi kwenye chai ya Mufindi au Tukuyu huifanya picha ionekane butu wakati maelezo yote yamo. Vuta kivuli chini kidogo kwa Curves (mchoro wa kurekebisha mwanga), utashangaa majani yanavyojitokeza. Kunoa kuje mwisho, picha ikiwa tayari kwenye saizi ya kutolea. Kwenye Resolve, Radius ya paneli ya Blur huanzia 0.50, ukishuka chini ya hapo unanoa. Mimi huishia kati ya 0.47 na 0.48, na ni nadra kuvuka hapo. Badilisha mfumo wa rangi wa nodi (hatua moja ya marekebisho) uwe YUV, unaotenga mwangaza na rangi, uzime chaneli ya 2 na ya 3 za rangi, ili unoe mwangaza tu na kuziacha chenga za rangi zilale.

Mabati ni habari nyingine. Ukipiga mji wa Mbeya kutoka mteremko wa mlima Loleza, migongo ya bati ni myembamba kuliko vidoa vya sensa, na makisio yanakosea: mawimbi ya zambarau na kijani yanatambaa juu ya paa. Kunoa kunayachochea. Zungushia paa dirisha (umbo la kutenga eneo moja la picha), fifisha rangi ndani yake, na uliache nje ya nodi ya kunoa.

Fokasi iliyokosewa haitengenezeki. Wala hewa inayochezacheza kwa joto la mchana Usangu ukitumia lenzi ndefu. Mkono wa mcheza ngoma uliopita kwa shata ya 1/50 ya sekunde unatakiwa uwe na ukungu wake wa mwendo, kwa hiyo usihukumu kwa kusimamisha fremu moja. Acha video icheze.

Kabla ya kukabidhi kazi ya harusi, iangalie kwenye TV ya sebuleni kwa mteja mwenyewe ukiweza. TV nyingi hutoka dukani zikiwa na Sharpness iliyopandishwa, hivyo picha yako itanolewa mara ya pili pale, na poda ya bibi harusi ndiyo itakayoonyesha kwanza.