Wahusika wanaosugua benchi: nani hasa anafanya kazi ukizima gemu?

Gemu nyingi za siku hizi zinakugawia wahusika wengi kuliko unaoweza kuwatumia. Katika Genshin Impact timu ina nafasi nne, na mchezaji wa muda mrefu anaweza kuwa na wahusika arobaini. Waliobaki wanasugua benchi. Dawa iliyobuniwa ni kuwapa shughuli wakati wewe haupo: mmoja anatumwa kuchimba madini, mwingine kutafuta chakula, nawe ukirudi unapokea mzigo. Mfumo wenyewe ni mwepesi kuuzoea, ila ukisikiliza maelezo ya vijiweni utadhani kuna mtu mdogo anazunguka ndani ya simu usiku kucha.

“Acha simu ikiwaka na data wazi, la sivyo mhusika anasimama”

Hasimami, kwa sababu hata kutembea hakuanza. Unapomtuma, seva inaandika mambo machache tu: nani katumwa, wapi, na kuanzia saa ngapi. Basi. Hakuna kinachoendelea mpaka ufungue gemu tena, hapo seva inatazama saa, inatoa ule muda wa kuanzia, na kama umetimia inakuandikia mapato papo hapo.

Chukua safari ndefu kabisa ya Genshin, ya saa 20. Ukimtuma mtu Mondstadt, mojawapo ya nchi za humo, saa mbili usiku, atakuwa amemaliza kesho yake saa kumi jioni. Ukimtuma Bennett, mwenye kipaji cha kupunguza robo ya muda akitumwa sehemu hiyo, atamaliza saa tano asubuhi. Katikati hapo unaweza kuzima simu, bando likaisha, hata ukafuta gemu na kuipakua upya. Ilimradi unakumbuka akaunti yako, Mora zako 5,000, yaani pesa za humo, zipo. Data inaliwa unapoingia, na inaliwa kweli kweli siku ya sasisho jipya. Safari zenyewe hazili chochote.

Dhana hii imeshika mizizi kwa sababu kuna gemu ambako ni kweli. Black Desert ya Pearl Abyss, kampuni ya Korea Kusini, ina vibarua unaowaajiri kukata miti na kuchimba madini, na hao hawanyanyui shoka kama hujaingia kwenye gemu. Ndiyo maana wachezaji wake huacha kompyuta ikiwaka usiku kucha, gemu ikiwa imefichwa pembeni. Mwenye LUKU anajua gharama yake.

Pokémon za mwanzo nazo zilikuwa na utaratibu wao. Kulikuwa na mahali pa kumwacha Pokémon, kiumbe unayemkamata na kumfunza, alelewe wakati wewe unaendelea na wengine, lakini kilichohesabiwa pale ni hatua zako: hatua moja, pointi moja ya uzoefu. Ukizima Game Boy wiki nzima, unamkuta vilevile. Ilikuja kuwa tofauti kabisa kwenye Pokémon Sword na Shield za mwaka 2019, ambako Pokémon waliojazana kwenye maboksi wanatumwa vibarua mpaka siku nzima, wakirudi na uzoefu. Kabla ya kulaumu gemu, tafuta kwanza inahesabu nini: saa ya ukutani, muda uliocheza, au hatua.

“Akishatumwa, huwezi kumtumia”

Inategemea gemu, na katika Genshin si kweli. Aliyetumwa bado unaweza kumweka kwenye timu na kupigana naye. Kuna watu wamekaa miezi bila kumtuma Keqing kwa sababu ndiye tegemeo lao vitani, kumbe angefanya yote mawili. Hata Final Fantasy XIV, mtumishi uliyemtuma safari ya saa 18 anaendelea kukuuzia bidhaa zako sokoni kama kawaida.

“Sogeza saa ya simu mbele, uvune haraka”

Gemu inayohesabu kwa saa ya seva haina habari na saa yako. Sogeza hadi mwaka 2040, hutapata kitu zaidi ya WhatsApp kugoma kufunguka.

Gemu inayotegemea saa ya kifaa chako ni habari nyingine, na hapa watengenezaji wamegawanyika. Dragon Age: Inquisition ya mwaka 2014 ina meza ya vita ambapo unawapa kazi washauri watatu, Cullen, Josephine na Leliana. Kazi nyingine zinachukua dakika, nyingine saa nyingi, na zinaendelea kuhesabiwa hata ukizima mashine. Wachezaji wa kompyuta waligundua mapema kwamba ukisogeza saa, kazi zinaisha, na kwa kuwa unacheza peke yako hakuna aliyedhulumiwa. Pokémon Sun na Moon hazikuwa na huruma hiyo: ukiigusa saa ya 3DS, kifaa cha mkononi cha kuchezea, matukio yanayotegemea muda yanasimama kwa saa 24.

Animal Crossing: New Horizons imeweka mtego mzuri zaidi. Unanunua turnipi, mboga ya mizizi, Jumapili asubuhi, unasubiri bei ipande ndani ya wiki ndipo uuze. Atakayerudisha saa nyuma kutafuta bei nzuri, turnipi zote zinaoza mkononi. Na ukiruka mbele miezi kadhaa, unakaribishwa na magugu kisiwa kizima na mende ndani ya nyumba.

“Haya mambo yameletwa na gemu za simu”

EVE Online ilianza Mei 2003, kabla simu janja haijawa kitu cha kila mtu. Imetengenezwa na CCP ya Iceland, na humo mhusika hapati ujuzi kwa kuua maadui. Anaupata kwa muda halisi kupita, uwepo usiwepo. Ujuzi wa ngazi za juu unachukua wiki kadhaa. Kila siku saa 5:00 asubuhi kwa saa za Greenwich, yaani saa nane mchana kwetu, seva yao huzimwa kwa matengenezo, na mafunzo yanahesabiwa kama hakuna kilichotokea. Gemu haipo hewani, mwanafunzi anasoma.

Tatizo lilikuwa kupanga zamu. Miaka ya mwanzo ungeweza kuweka ujuzi mmoja tu kwa wakati. Ukiisha saa tisa usiku, ama unaamka kuweka mwingine, ama mhusika anakaa bure mpaka asubuhi, na watu waliamka kweli. Foleni ya saa 24 ilikuja mwaka 2009, na mwaka 2014 ikaruhusiwa hadi ujuzi 50 kwa mpigo. Lakini kuna jambo halikuguswa: akaunti ina nafasi za wahusika watatu, na kwa kawaida ni mmoja tu anayejifunza. Ukitaka wa pili naye asome, unalipia. Benchi lenyewe limekuwa biashara.

“Ni zawadi, na ukikaa mbali zaidi unavuna zaidi”

Karibu kila mfumo una kikomo. Safari ya saa 20 ikiisha imeisha. Ukirudi baada ya wiki unapokea mzigo wa safari moja. Hakuna faini ya kuchelewa, ila hakuna nyongeza pia. Naona kikomo ndicho kiini cha mpango wote, maana bila hicho usingekuwa na sababu ya kurudi kesho.

World of Warcraft ndiyo mfano ninaoupenda. Mhusika uliyemlaza kwenye nyumba ya wageni anajikusanyia mapumziko: kila saa 8 anapata akiba ya asilimia 5 ya leveli, hadi leveli moja na nusu, yaani siku kumi hivi. Akiamka, maadui anaowaua wanampa uzoefu mara mbili mpaka akiba iishe. Wakati wa majaribio, kabla gemu haijatoka mwaka 2004, jambo hili lilikuwa adhabu: ukicheza muda mrefu, uzoefu unaopata unashuka nusu. Wachezaji wakawaka. Blizzard, kampuni iliyoitengeneza, ikageuza maelezo tu, kiwango cha kawaida kikaitwa bonasi na cha adhabu kikaitwa cha kawaida. Hesabu zikabaki karibu zilezile, na kelele zikaisha.

Miaka kumi baadaye Blizzard hiyohiyo ilimpa kila mhusika ngome yenye wafuasi wa kutuma misheni, nyingine zikilipa dhahabu. Watu wakafufua wahusika wao wote waliosahaulika, kumi au zaidi, si kwa ajili ya kuwacheza: unaingia, unakusanya, unatuma, unatoka, mhusika anayefuata. Toleo lililofuata lilipofika mwaka 2016, malipo ya dhahabu ya ngome hizo yalikatwa sana.