Klabu ya Fédérale ni nini katika raga ya Ufaransa?

Klabu ya Fédérale ni timu ya raga ya wachezaji 15 inayocheza katika madaraja ya chini ya Ufaransa, yale yanayosimamiwa na shirikisho la mchezo huo, FFR. Juu kabisa ipo Top 14, ikifuatiwa na Pro D2. Hizo mbili ni ligi za kulipwa, na zina msimamizi wake, LNR (Ligi ya Taifa ya Raga), aliyeanza kazi 1998, miaka mitatu baada ya raga kuruhusu rasmi wachezaji walipwe. Daraja la tatu kushuka chini ni mali ya FFR: Nationale, Nationale 2, Fédérale 1, 2 na 3, kisha ligi za mikoa.

Namba hizo zinachanganya hata wenyeji. Fédérale 1 ilikuwa daraja la tatu mpaka 2020, Nationale ilipoanzishwa na kuisukuma hadi la nne. Mwaka 2022 ikaja Nationale 2, na Fédérale 1 ikashuka tena hadi la tano. Mtu akijigamba kwamba aliwahi kucheza Fédérale 1, muulize kwanza ilikuwa mwaka gani.

Kisheria klabu hizi kwa kawaida ni vyama vya wanachama visivyogawana faida, vinavyofuata sheria ya 1901. Uwanja mara nyingi ni wa manispaa, na wadhamini ni watu wa pale pale: mkandarasi, mwenye duka, mzalishaji wa mvinyo. Wapo wachezaji wanaopata chochote, hasa madaraja ya juu kidogo, lakini wengi wana kazi zao na hufanya mazoezi jioni. Jumapili timu ya akiba hutangulia uwanjani, halafu saa tisa alasiri ni zamu ya timu ya kwanza. Filimbi ya mwisho ikilia huanza kile wanachokiita kipindi cha tatu, ambapo waliotoka kuumizana hukaa meza moja kula na kunywa. Asidharau mtu hilo jambo: kwa klabu ndogo, mauzo ya baa ni sehemu ya bajeti.

Makundi hupangwa kwa ukaribu wa maeneo ili kupunguza safari, kwa hiyo mechi nyingi ni za majirani wasiopendana, hasa kusini-magharibi ambako raga ina mizizi zaidi. Vijiji vyenye watu wachache wakati mwingine huungana, kama Lombez na Samatan katika jimbo la Gers, ambavyo vina klabu moja.

Kosa ni kudhani kwamba daraja la chini maana yake ni klabu isiyo na historia. FC Lourdes, ya mji ule ule wa mahujaji Wakatoliki, ilitwaa ubingwa wa Ufaransa mara nane kati ya 1948 na 1968. Jean Prat wa Lourdes ndiye aliyekuwa nahodha, na ndiye aliyefunga trai pekee (yaani kuuweka mpira chini ng'ambo ya mstari wa goli la wapinzani), Ufaransa ilipoifunga New Zealand kwa mara ya kwanza, 3-0, mwaka 1954. Klabu hiyo leo ni ya madaraja ya Fédérale. Quillan, kimji cha watu elfu chache katika jimbo la Aude, kilifika fainali tatu mfululizo, 1928, 1929 na 1930, kikashinda ile ya 1929 dhidi ya Lézignan. Nyuma yake alikuwepo Jean Bourrel, mwenye kiwanda cha kofia, aliyewavuta wachezaji wa klabu kubwa enzi ambazo kulipa kulikatazwa. Fedha zilipohamia miji mikubwa, ubingwa ukazifuata.

Kushuka hakutokani na vipigo vya uwanjani peke yake. Kuna chombo, zamani kikiitwa DNACG, kinachokagua vitabu vya hesabu vya klabu, na kinaweza kuishusha ile isiyomudu gharama zake. Klabu ya Montauban ilikuwa Top 14 mwaka 2010 ilipofilisika, ikaangushwa moja kwa moja hadi Fédérale 1. Ilirudi Pro D2 mwaka 2014. Msimu wa 2024/25 ilimaliza ya sita, nafasi ya mwisho ya kuingia mtoano, ikapenya hadi fainali, ikaifunga Grenoble na kurejea Top 14.